Kata ya Kwanza ya Pangaboi

Hapo zamani, na nisemapo zamani msiikimbize mbali, maana si zamani ya sungura kuongea na fisi bali ni ile ambayo mama zenu wanaikumbuka ila hawasemi, palikuwa na kijiji kikiitwa Isighe, kule nchi ya Singida, ambako upepo hauombwi. Upepo ulikuwapo asubuhi. Upepo ulikuwapo mchana. Kuku wa Isighe walitembea upande. Mtu akivua kofia kumsalimia mkwewe, kofia ilikwenda kumsalimia mkwe wa mtu mwingine, kijiji cha pili. Upepo walikuwa nao tele. Maji ndiyo hawakuwa nayo.

Basi katika enzi za mkoloni alipita fundi mmoja Kalasinga, mtu wa kilemba na ndevu, akapewa kazi ya kuchimba kisima kirefu nyuma ya kijiji. Juu ya kisima akasimamisha mnara wa chuma wenye miguu minne. Juu ya mnara akaweka gurudumu la mapanga ya bati, na nyuma ya gurudumu akaweka mkia. Upepo ukipiga, gurudumu lilizunguka. Gurudumu likizunguka, fimbo ndefu ya chuma ilipanda na kushuka ndani ya bomba. Na chini kabisa, kwenye ncha ya fimbo ile, palikuwa na kipande cha shaba kilichovishwa ngozi, na hicho ndicho kilichoyapandisha maji. Ukiweka sikio kwenye bomba ulikisikia kinadunda: du, du, du. Watu wakakiita moyo.

Kalasinga alipoulizwa jina la mtambo wake alisema ni kinu cha upepo. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kinu gani hakina mchi? Kinu gani hakitwangi? Mtu mmoja aliyewahi kufagia hoteli ya mjini akakohoa kidogo, kama wanavyokohoa watu waliowahi kufika mjini, akasema, "Hili mimi nalijua. Lipo kwenye dari la hoteli, linapepea wageni wasitoke jasho. Hili linaitwa pangaboi." Jina likanasa. Kalasinga akaenda zake, mkoloni naye akaenda zake, jina likabaki. Nawaomba mlishike jina hilo, kwa sababu ndilo lililoleta balaa lote.

Miaka ikaenda, Pangaboi likinywesha watu na ng'ombe. Kisha ukaja mwaka wa ukame. Kila alasiri mawingu yalipanda kutoka mashariki, meusi, yenye mimba, yakasimama juu ya Isighe, watu wakatoa ndoo nje, halafu yakaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Sungi, wakati ule mtu mzima mwenye nguvu zake, aliyeolewa na kuachwa kwa sababu hakuzaa. Alikuwa uani kwake akipepeta uwele, wenzake wakimsaidia kwa midomo. Akatazama mawingu yanavyokwenda, akatazama mapanga yanavyozunguka, akatazama ungo wake jinsi makapi yanavyoruka. Akasema, "Jamani, pangaboi kazi yake nini? Si kupepea? Basi si ndilo linalopepea mawingu!"

Mmoja alicheka. Wa pili hakucheka. Jua lilipotua kijiji kizima hakikuwa na mtu wa kucheka.

Nyinyi mnacheka kwa sababu mmekunywa maji kabla ya kuja hapa. Lakini fikirini: wangeliita kinu, kama mwenyewe alivyowaambia, nani angekishtaki kinu kwa kufukuza mvua? Ni jina tu. Upepo ndio uliolizungusha Pangaboi, wao wakaona Pangaboi ndilo linalofanya upepo. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nadhani hawakuwahi kufika Isighe.

Wazee wakakaa, wakaamua. Pangaboi lifungwe kamba lisizunguke. Na kwa kuwa wachungaji ni watu wenye kiu na kamba hufunguliwa, basi moyo utolewe kabisa, ukatupwe katika ziwa la chumvi, asiwepo wa kujaribiwa. Wakamtuma kijana mmoja mchungaji, Gwau, mwenye mikono ya kupanda. Gwau akapanda, akafunga gurudumu. Vijana wakavuta fimbo ndefu kutoka kisimani, Gwau akaufungua moyo, akaufunga katika shuka lake, akashika njia ya ziwani. Wanawake wakapiga vigelegele. Na miongoni mwao palikuwa na binti mdogo ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka karibuni, naye akapiga kigelegele kikapita kwenye pengo. Binti huyo aliitwa Nyange. Mtieni machoni, maana hadithi hii ni yake.

Na mnajua kilichotokea? Mvua ikanyesha! Haikupita wiki. Ikanyesha mpaka vyura wakaomba ipungue. Sasa nani angewaambia watu wa Isighe kwamba walikosea? Toka hapo Pangaboi likawa maiti isiyozikwa, na kila mtu akachukua alichotaka. Panga moja likawa mlango wa banda la kuku. Panga jingine likawa la kuanikia ufuta. Jingine likaenda kilabuni likawa meza ya kuwekea vibuyu vya pombe ya mtama. Mkia akauchukua mchinjaji, akawa anakatia nyama juu yake. Fimbo ikakatwakatwa ikawa mitaimbo.

Mvua ya mwaka mmoja hainyweshi miaka yote. Wanawake wakarudi walikotoka bibi zao, kwenye mto wa mchanga. Mto ule hauna maji juu. Unachimba shimo, unashuka ndani, unakwangua kwa kata, unampa mwenzako ndoo juu. Kila kiangazi shimo lilizidi kina.

Nyange akakua, akaolewa, akashika mimba, tumbo likawa kubwa kuliko la wenzake. Siku moja ikafika zamu yake ya kushuka shimoni. Mama yake, jina lake Mwahija, akamtazama tumbo, akamshika bega, akamwambia, "Kaa hapo juu, mwanangu. Leo nashuka mimi." Akashuka. Akajaza ndoo ya kwanza, akaimba kidogo kule chini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuimba. Kisha kingo za mchanga zikaporomoka.

Wanaume walichimba kwa mikono. Wa kwanza kuingia alikuwa Gwau, ambaye siku hizo alikuwa keshaanza kuota mvi, akachimba mpaka kucha zikatoka damu. Mwahija alitolewa, lakini alikuwa amekwisha kufa. Gwau akabeba jeneza mbele mpaka makaburini, akilia kuliko wenye msiba, hata watu wakanong'ona. Na baada ya arobaini Nyange akajifungua pacha, Kulwa na Doto, na toka siku hiyo kila mtu akamwita Mama Kulwa. Kila alipoitwa hivyo alikumbuka mtu aliyeshuka kwa ajili ya tumbo lile. Uchungu ule haukumtoka, na hakujifanya kwamba umemtoka.

Hebu tusogee. Kiangazi kimoja mto wa mchanga nao ukatoa tope tu. Nyumba zikaanza kufungwa kwa miiba. Leo familia hii inahama, kesho ile. Mume wa Nyange akaenda upande wa Tabora kutafuta mahali, akatuma neno kwamba wafunge mizigo. Nyange hakufunga. Angewezaje kumwacha Mwahija peke yake pale makaburini, na upepo ule? Akaenda kwa Fundi.

Fundi huyo aliitwa Zefania, fundi baiskeli, mzaliwa wa Kigoma. Alikuja Isighe kuuza spoku, akaona msichana, akaoa, akabaki, akazaa. Watu walimpenda kwa sababu alikuwa na maneno kuliko redio. Lakini hawakuacha kumwita Migebuka, kwa ajili ya samaki wa kwao, na akitoa shauri mkutanoni walimwambia, "Kaa chini, Migebuka, wewe ni wa kuja." Utani, lakini utani ukirudiwa sana huwa na jipu ndani.

"Fundi," Nyange akamwambia, "Pangaboi linaweza kufufuka?"

"Mama Kulwa, mimi nimeshafufua baiskeli iliyoliwa na treni!" akasema Zefania. Treni haijawahi kula baiskeli Isighe, ila ndivyo alivyokuwa.

Akaenda nyumba kwa nyumba kudai mapanga. Akatukanwa nyumba kwa nyumba. "Hili panga ni urithi wa mama mkwe." "Hili nikilitoa kuku watalala wapi?" Mchinjaji alikataa mkia mpaka Nyange mwenyewe alipokwenda kuukalia, akakaa juu yake mchana kutwa, nyama isiuzike. Vipande vikarudi. Zefania akavinyoosha, akapanda mnara.

Sasa, ngazi ya mnara. Miaka ya nyuma Zefania alihitaji vyuma vya kutengenezea keria za baiskeli, na ngazi ya Pangaboi ilikuwa imekaa bure. Akakata vidato, kimoja hapa, kimoja pale, akatengeneza keria nzuri sana. Kijiji kizima kilibebea mizigo juu ya ngazi ile. Fundi huyo, akipanda kwa shauku, akinyoosha mguu juu bila kutazama, akakanyaga kidato ambacho yeye mwenyewe alikiuza kwa mwalimu wa shule. Akaanguka. Mguu ukavunjika mahali pabaya. Watu wakafikiri ndiyo mwisho, lakini mfupa ulipoanza kushika akarudi na mguu wa vijiti, akapanda tena. Toka siku hiyo anachechemea.

Gurudumu likasimama. Mkia ukasimama, ukinuka nyama. Mitaimbo ikaunganishwa ikawa fimbo. Ikabaki moyo. Zefania akazunguka maduka ya chuma mjini, watu wakamcheka: kitu kama kile hakitengenezwi tena. Akarudi, akakaa chini ya mnara, akaanza kufunga spana zake katika gunia.

Ndipo mchana kweupe akaja Mzee Gwau. Alikuja polepole na furushi mikononi, akalifungua mbele ya watu. Ndani mlikuwa na moyo, unang'aa kwa samli. Hakuwa ameutupa ziwani. Siku ile alifika ukingoni, akautazama, akaona ni dhambi kuua kitu kinachodunda. Akaurudisha kwa siri, akauficha ndani ya kihenge, chini ya uwele. Na kila mwaka kabla ya mavuno, kihenge kikiwa kitupu, aliutoa akaupaka samli, akaurudisha. Ngozi yake ililiwa na panya, lakini shaba haikuwa na kovu.

Watu walishangilia. Nyange hakushangilia. Alikuwa akihesabu kwa moyo wake: moyo ulikuwa kwenye kihenge wakati sisi tunachimba mto. Moyo ulikuwa kwenye kihenge wakati mama anashuka. Alimtazama yule mzee aliyebeba jeneza mbele, akaelewa kilio kile kilikuwa cha nini. Akataka kumpiga. Badala yake akaondoka, akaenda kutwanga mtama ambao ulikuwa umeshatwangwa.

Ikabaki ngozi ya kuuvisha moyo. Zefania, mtu wa baiskeli, akajaribu mpira wa tyubu: maji yakapanda kidogo, yakacheua, yakarudi. Akajaribu ngozi ya mbuzi: ikachanika. Ng'ombe wa kiangazi kile walikuwa wamekonda, ngozi zao nyembamba mithili ya karatasi. Ilitakiwa ngozi ya dume la zamani, nene, iliyokauka miaka.

Ilikuwepo moja tu, na kila mtu aliijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Desturi ya wazee wa Isighe ilikuwa mzee azikwe katika ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa na wanawe. Sungi, ambaye sasa alikuwa Bibi Sungi, hakuwa na mwana. Kwa hiyo alipokuwa na nguvu alilima mashamba ya watu, akapewa dume, akalichinja mwenyewe, akaiweka ngozi darini. "Mwenye watoto huchinjiwa," alizoea kusema, "mimi nimejichinjia." Na ngozi ya kuzikia haitobolewi. Ikitobolewa ni ngozi tu, ni ya kukalia.

Bibi Sungi akaishusha mwenyewe. Akaitandika mbele ya Zefania, akamwonyesha mgongoni, mahali penye unene. "Kata hapo," akasema. Zefania akasita, kisu mkononi. "Kata, baba! Neno lilitoka mdomoni mwangu, na ngozi itoke mgongoni mwangu." Akakata. Ngozi ikalowekwa katika mafuta, moyo ukavishwa, ukashushwa, kamba ya gurudumu ikafunguliwa, na upepo wa Isighe, ambao hauombwi, ukaingia katika mapanga.

Du. Du. Du.

Maji ya kwanza yalitoka mekundu kwa kutu, yakawa ya kahawia, yakawa meupe, yakaanza kujaza birika la kunyweshea. Ng'ombe wakasikia harufu. Wachungaji wakawazuia kwa fimbo na kwa matusi, kwa sababu wakati wa kunywa ulikuwa bado.

Sikilizeni desturi, maana bila desturi hii hatuna hadithi. Isighe, kisima kipya, au kisima kilichofufuka, hakinywewi na mtu wala mnyama mpaka kata ya kwanza inywewe na yule aliyekipa uhai. Kata, wala simaanishi kata ya diwani, nasema kata ya kibuyu ya kuchotea maji. Mama wa pacha ndiye huchota, akamkabidhi. Mchotaji hanywi, wala hataji jina. Aliyekunywa ndiye hutaja jina la kisima, na jina halibadilishwi tena. Yeye ndiye mwenye kisima: ugomvi wa zamu huamua yeye, na akifa huzikwa kando yake. Na kata ile haina midomo miwili. Wakinywa wawili, maji hugombana huko chini yakahamia kwa majirani. Wala haiwekwi chini, kwa kuwa kilichowekwa chini kimekataliwa.

Mama wa pacha alikuwa mmoja tu. Nyange akachota. Kata ilikuwa na ufa mdogo, akauziba kwa kidole gumba. Watu wakafanya duara. Wakatoka watatu, wakasimama mbele yake.

Wa kwanza kusema alikuwa Fundi Zefania, ameegemea fimbo.

"Mama Kulwa, mimi sina maneno mengi," akasema, na watu wakaguna. "Nani alitukanwa nyumba kwa nyumba? Ni mimi. Nani alipanda? Nani alianguka? Nani alipanda tena na mguu wa vijiti? Moyo bila mikono ni shaba ya kwenye uwele, na ngozi bila mikono ni ya kukalia. Nimeoa hapa, nimezaa hapa, nimevunjika hapa, na bado naitwa Migebuka. Nikifa mtaulizana nisafirishwe wapi. Lakini mwenye kisima hakuna wa kumwita wa kuja. Kaburi lake linajulikana. Nipe kata."

"Kweli!" watu wakasema.

Sauti moja ikatoka nyuma, ya mwalimu. "Na keria yangu ni kidato cha ngapi, Fundi?"

"Kweli tena!" watu wakasema, wakacheka, na Zefania akacheka nao, ila macho yake hayakucheka.

Wa pili kusema alikuwa Bibi Sungi. Hakuegemea kitu.

"Mjukuu wangu Nyange, msije mkanikumbusha neno langu, ninalikumbuka. Nililisema nikiwa napepeta, kwa mchezo, likawa kubwa kuliko mimi. Basi nimelilipa. Mwenzangu Fundi alitoa nguvu, na nguvu hurudi. Gwau alitoa kisichokuwa chake. Mimi nimetoa cha kuzikwa nacho. Nitaingia ardhini katika shuka la kuomba. Tazameni: wanawake wote hapa wanaitwa mama fulani, bibi fulani. Mimi nimeitwa Sungi tangu nizaliwe, na siku nikifa Sungi imekwisha. Nataka kisima kiitwe Sungi. Mtoto akitumwa maji aambiwe, haraka, nenda Sungi, rudi. Hivyo tu. Nipe kata."

"Kweli!" watu wakasema, na wengi walikuwa wanafuta macho.

Sauti ya mwanamke ikasema polepole, "Bibi, mto ulipomla Mwahija, ulikuwa unakula neno la nani?"

Hapo hakuna aliyejibu kweli tena. Bibi Sungi aliinamisha kichwa.

Wa tatu alikuwa Mzee Gwau. Alisogea mbele polepole, mpaka wachungaji wakaanza kulalamika, maana ng'ombe walikuwa wanawashinda.

"Waliniambia niutupe, sikuutupa," akasema. "Ningekuwa mtu mtiifu, leo mngekuwa mnafunga mizigo. Hilo ni langu. Na hili pia ni langu: nilinyamaza. Mwaka wa kwanza niliogopa wangeuyeyusha. Mwaka wa pili niliogopa kuulizwa mbona hukusema mwaka jana. Uoga wa jana ukawa mama wa uoga wa leo. Siku ile mtoni nilichimba nikisema, akitoka mzima, nasema. Hakutoka mzima, nikanyamaza tena."

"Nyamaza na sasa!" Nyange akapiga kelele. Kata ikatikisika, maji yakamwagikia miguu yake. Ilikuwa mara ya kwanza maji ya Pangaboi kumgusa tangu utoto, nayo yalikuwa baridi, na baridi ile ilimtoa machozi.

"Nitanyamaza, Mama Kulwa, ila nimalize. Mimi sisemi nastahili. Nasema nitakachofanya. Ukinipa kata, nitakunywa, na nitakiita Mwahija."

Mchinjaji akavua kofia, upepo ukaichukua, hakuifuata.

"Fundi atakiita jina la kwao au lake," Gwau akaendelea. "Bibi Sungi amesema lake. Na wewe unayechota huruhusiwi kutaja. Jina la mama yako lina mdomo mmoja tu hapa, na ni huu ulionyamaza. Nikifa msinizike kando ya kisima, nizikeni mbali. Lakini nipe kata."

"Kweli?" watu wakasema, kwa kuuliza.

Sasa mtazameni Nyange. Mbele yake yupo mtu aliyevunjika kwa ajili ya kisima, na ni Nyange mwenyewe aliyemwomba. Yupo bibi aliyetoa sanda yake, na ambaye hatapata jina jingine tena duniani. Na yupo mzee ambaye ukimya wake ulikuwa kingo za lile shimo, na ambaye bila wizi wake hata tone lisingepanda. Alisikia masikioni mwake wanawake wa asubuhi wakiitana njiani: twende Mwahija, nimetoka Mwahija, leo Mwahija ana maji matamu. Alitamani sauti hiyo kuliko alivyotamani maji. Kisha akajiuliza: nikimpa, nitakuwa nimempa mama jina, au nitakuwa nimemwuza? Na nikimnyima, nitakuwa nimemwadhibu mzee, au nitakuwa nimemfukia mama mara ya pili?

Tena akakumbuka kigelegele chake mwenyewe, kile cha kwenye pengo, siku gurudumu linafungwa. Akatazama watu waliomzunguka, wakubwa kwa wadogo, wenye milango ya mapanga na keria za ngazi. Hapakuwa na mkono safi hata mmoja, na wake ukiwemo.

Kidole gumba kilianza kufa ganzi. Maji yakawa yanapenya kwenye ufa, tone kwa tone. Ng'ombe dume mmoja akavunja mstari wa wachungaji. Nyange akavuta pumzi, akanyoosha mkono.

Hapo ndipo aliyenisimulia aliponiachia, akainuka, akakung'uta nguo, akaenda kulala, nami nimekosa usingizi toka hapo. Kwa hiyo leo zamu ya kukosa usingizi ni yenu. Asiniambie mtu wagawane, nimeshasema kata haina midomo miwili. Asiniambie mtu kwamba ni ya upepo, upepo hautaji jina. Na asiniambie aiweke chini afikiri kwanza, kwani mnajua kilichowekwa chini kimekuwaje.

Semeni upesi, maji yanavuja. Fundi aliyeanguka kutoka ngazi aliyoikata, bibi aliyelipa neno kwa ngozi yake ya kuzikwa, au mwizi aliyeutunza moyo akanyamaza, na ambaye peke yake angelitaja jina la Mwahija: je, nani alistahili kata ya kwanza?